Mto Usio na Watu

Maneno ya watazamaji juu ya filme «African Queen»

Baba Mtakatifu Pio XI aliandika barua yake juu ya sinema, Vigilanti Cura, tarehe 29 Juni 1936. Pio XII akaandika yake, Miranda Prorsus, tarehe 8 Septemba 1957. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati Inter Mirifica, tarehe 4 Desemba 1963. Majina haya tunayajua sote katika seminari kubwa, kwani yanaulizwa katika mitihani. Mtihani ukiisha, tunakaa mbele ya televisheni sawa na watu wote: tunacheka wakicheka, tunasinzia wakisinzia. Lakini maandiko hayo yanatuomba kazi: kutazama pamoja na waamini, kusikia wanavyosema, na kupima filme na maneno yao kwa nuru ya Injili. Ndiyo kazi tuliyojaribu kuifanya jioni moja hapa Lubumbashi, katika kartie ya Golf, na leo tunawaletea tuliyoyaokota.

Familia moja ya wakristu ilitualika kwao. Tulikuwa watu ishirini hivi: mama wa jumuiya, waseminari watatu waliokuwa likizoni, vijana wa jirani, na makatekista wawili, mmoja wao mzee ambaye watoto wote wanamwita Baba Mwalimu. Baba wa nyumba alichagua filme ya zamani, ya mwaka 1951, ambayo kwa kifaransa inaitwa L'Odyssée de l'African Queen. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, ni hadithi ya mapendo ambayo mtu anaweza kuitazama mbele ya mama mkwe wake. Ya pili, sehemu yake ilipigwa picha hapa kwetu Kongo.

Filme yenyewe

Aliyeiongoza ni Mmarekani John Huston. Wachezaji wakubwa ni Katharine Hepburn na Humphrey Bogart. Huyu wa pili alipata kwa kazi hii tuzo ya Oscar, nayo ni moja tu aliyopata maisha yake yote. Hadithi ilitolewa katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester kilichotoka mwaka 1935. Picha za mto zilipigwa kwenye Ruiki, karibu na Biondo, kusini ya Kisangani. Nyingine Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na kando ya ziwa Albert. Na nyingine ndani ya studio, kule London. Ruiki inamwaga maji yake ndani ya Lualaba. Na Lualaba, kila mtoto wa shule wa Katanga anajua, inazaliwa kwetu.

Hadithi ni hii. Tuko mwezi wa tisa mwaka 1914, katika Afrika ya Wadachi, yaani Tanzania bara ya leo. Mchungaji Samuel Sayer na dada yake Rose wanaongoza misioni ya Wametodisti katika kijiji kiitwacho Kungdu. Charlie Allnut, fundi mwenye mashua chakavu ya moshi jina lake African Queen, anawaletea barua, na siku moja anawaletea habari ya vita. Askari wa Wadachi wanafika, wanachoma nyumba, wanachukua watu. Samuel anapigwa, anashikwa na homa, akili inampotea, anakufa. Rose, mwanamke ambaye hajaolewa wala si kijana tena, anapanda mashua ya Charlie. Naye ndiye anayetoa shauri la ajabu: kushuka mto wote mpaka ziwani na kuizamisha meli ya vita ya Wadachi, Louisa, kwa torpedo ambazo watazitengeneza wenyewe kwa mitungi ya gesi na baruti. Njiani wanapita mbele ya boma la adui chini ya risasi, wanapita maji makali, wanagombana, wanapatana, wanapendana.

Tuseme wazi: ni kazi nzuri. Watu wawili ndani ya mashua ndogo, nasi hatuchoki kuwatazama. Hepburn anaanza akiwa amefungwa vifungo mpaka shingoni, kisha polepole uso wake unafunguka sawa na dirisha. Bogart ana midomo ya mlevi na macho ya mtoto aliyezoea kukemewa. Hakuna aliyeondoka kwenda kulala, hata watoto.

Maneno ya kwanza, gizani

Filme ilikuwa imepita nusu wakati umeme ulipokatika. Mashine ya jirani ilichelewa kuwaka, basi tukabaki gizani, na watu wakaanza kusema. Tunafikiri giza lilisaidia: mbele ya padri watu wanasema yale padri anayopenda, lakini gizani padri haonekani.

Mama ndio walioanza, nao walianza na pombe. Charlie amelewa na kumtukana Rose. Kesho yake, wakati anaamka na kichwa kinachouma, Rose anamwaga chupa zake zote mtoni, moja baada ya nyingine, pole pole. Mama mmoja akasema: «Huyu angefika kwetu, angemwaga lutuku ya kartie nzima.» Tulicheka sana. Lakini mjane mmoja akasema neno ambalo halikutuchekesha: «Kumwaga ni kazi rahisi. Mutazame anachofanya kisha. Anakaa kimya na Biblia yake, hamtukani, lakini hamfukuzi. Anamngoja. Sisi tunamwaga pombe na mwanaume pamoja, kisha tunalia kwamba nyumba ni baridi.»

Kijana mmoja, fundi wa magari, aliwapenda hasa pale mti wa chuma wa mashua unapopinda na ubawa wa pangaboi kuvunjika. Charlie anasema haiwezekani. Rose hajui lolote juu ya ufundi, lakini anauliza: kwa nini haiwezekani? Na kwa kuulizwa hivyo, fundi anagundua kwamba anaweza. Wanawasha moto pwani na kutengeneza. Kijana alisema: «Mimi bibi yangu ananiuliza tu pesa iko wapi. Angeniuliza hata mara moja namna ninavyofanya kazi, ningefanya mara mbili.» Bibi yake alikuwapo. Alimjibu kwamba yeye pia hajaulizwa namna anavyopika kwa pesa hiyo. Waseminari, mulisikie hili: katika jioni moja ya sinema mtu anajifunza juu ya nyumba za waamini kuliko katika mwaka mzima wa kupita mlangoni na kubariki.

Halafu wakasema juu ya ruba. Mashua imekwama ndani ya matete, na Charlie anashuka majini kuivuta kwa kamba. Anapopanda tena, mwili umejaa ruba, naye anatetemeka, kwani hakuna kitu anachokichukia kuliko hicho. Rose anamsaidia kuziondoa. Kisha wote wawili wanajua, bila kusema, kwamba mashua haitaendelea kama hakuna wa kuivuta. Charlie anatazama maji. Halafu anarudi ndani. Kijana fundi akasema: «Pale ndipo alipomwoa.» Mseminari mmoja akamrudi mara moja: «Hapana, ndoa bado.» Wakabishana.

Baba Mwalimu alikuwa hajasema kitu. Baba wa nyumba akamwuliza: «Na wewe, mzee, umeonaje?» Akajibu: «Mimi nilibaki kanisani.»

Alitaka kusema mwanzo wa filme. Kwa maana filme inaanza kanisani. Rose anapiga kinanda akitoka jasho, Samuel anaimba kwa nguvu zote, na mbele yao waamini weusi wanatoa sauti zisizo na neno wala tuni, kelele tu. Wametengenezwa hivyo kusudi tucheke. Mara mashua ya Charlie inapiga honi. Charlie anashuka, anatupa kipande cha sigara yake kubwa, na watu wanakirukia na kupigana.

Mzee akaendelea: «Baba yangu alikuwa katekista. Alizunguka vijiji kwa miguu, na watu wake walijua sala na nyimbo kwa moyo. Hapa tunaonyeshwa kama ng'ombe wanaolia, halafu kama kuku waliotupiwa mahindi. Kisha kijiji kinaungua, wanapelekwa, na mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyeuliza walikwenda wapi. Mutu ananiambia ni filme ya mapendo. Mapendo ya nani?»

Hakuna aliyejibu. Mashine ya umeme ikawaka, tukatazama sehemu iliyobaki. Lakini hatukuitazama tena kwa macho yale ya kwanza.

Swali la ndoa

Tunajua kwamba waseminari watataka kwanza jambo la ndoa, basi tuanze nalo.

Baada ya kupita risasi na maji makali, Rose na Charlie wanakumbatiana. Filme haionyeshi zaidi, ila asubuhi inatuambia yote: Charlie amelala, Rose anamtayarishia chai, na ndipo anamwuliza jina lake la kwanza ni nani. Vijana walicheka. Mama mmoja hakucheka: «Kwetu tungeuliza jina la ukoo mbele ya chai.» Na mwingine akaongeza: «Hakuna mali iliyotolewa, hakuna mjomba, hakuna shahidi. Siku watakapogombana, nani atawapatanisha? Mamba?» Maneno hayo ni ya hekima. Mapendo ya sinema za Wazungu mara nyingi ni mapendo ya watu wawili waliokatwa na wengine wote. Kwetu ndoa ni daraja kati ya koo mbili, na daraja lisilo na kingo halisimami.

Mwisho wa filme, wote wawili wamekamatwa na Wadachi na kuhukumiwa kunyongwa. Charlie anamwomba kapitani wa Louisa awafungishe ndoa kabla ya kufa. Kapitani anakubali, anasema maneno machache kwa jina la mfalme wake, na papo hapo anaamuru kazi ya kunyonga iendelee. Watu wote wa Golf walipiga kelele za furaha na kicheko. Lakini je, ni ndoa ya kweli?

Waseminari watatu walitoa majibu matatu. Sisi tunajibu hivi. Kinachofanya ndoa ni mapatano ya bwana na bibi, wala hakuna mtu anayeweza kuyatoa kwa niaba yao (kanuni 1057). Kapitani hana uwezo wa Kanisa, hata kidogo. Lakini Rose ni Mmetodisti, na Charlie haonyeshwi kuwa mkatoliki. Basi hawafungwi na namna ile ya kufunga ndoa ambayo Kanisa linaidai kwa wakatoliki (kanuni 1117). Kama wote wawili wamebatizwa na wako huru, ndoa yao ni sakramenti (kanuni 1055), hata kama kapitani hajui analolishuhudia. Na tusisahau kwamba Kanisa lenyewe, katika hatari ya kufa, kama padri hapatikani bila shida kubwa, linakubali ndoa ya wakatoliki mbele ya mashahidi wawili tu. Kanuni 1098 ya mwaka 1917 ilisema hivyo, na kanuni 1116 ya mwaka 1983 inasema hivyo bado.

Tumesema: kama wako huru. Hapa aliyesoma kitabu anashtuka. Katika kitabu cha Forester, kwenye kurasa za mwisho, Charlie anakumbuka kwamba alioa zamani, alipokuwa na umri wa miaka 18, na kwamba bibi huyo hakuachwa kwa sheria. Hamwambii Rose. Anajipa moyo kwamba Uingereza ni mbali. Katika kitabu pia hakuna ndoa ndani ya meli ya Wadachi. Watengenezaji wa filme walimwondoa bibi yule, wakamfanya Charlie mtu asiye na kifungo, wakaleta ndoa mbele ya kamba ya kunyongea. Wengine watasema waliipaka hadithi sukari. Sisi tunawashukuru kwa hilo. Forester alitupa mwanaume anayedanganya kwa kunyamaza. Filme imetupa mwanaume ambaye, saa ya mwisho, haombi maisha bali anaomba ndoa. Mbele ya vijana wetu, ambao wanaishi pamoja miaka na miaka wakingoja pesa ya sherehe, ni somo kubwa. Charlie hakuwa na viti vya kukodi wala keki. Alikuwa na dakika tano, akazitumia kwa neno moja.

Na kijana fundi aliyesema kwamba Charlie alimwoa Rose pale alipoyarudia maji ya ruba? Mseminari alikuwa na haki kwa sheria, lakini kijana hakukosa yote. Aliona kitu ambacho neno la ndoa linakitaja: kujitoa mwili kwa ajili ya mwingine, mahali pale unapochukizwa zaidi. Mapendo hayo yanalitafuta neno, kama vile neno bila mapendo hayo linabaki upepo. Tusiwaambie vijana kwamba moja linatosha bila la pili.

Bado jambo moja. Baada ya ruba wanakwama kabisa. Charlie ana homa, chakula kimekwisha, matete yamewazunguka pande zote. Rose, ambaye tangu mwanzo alikuwa na shauri kwa kila kitu, sasa hana tena. Anapiga magoti na kusali. Haombi kuokolewa. Anamwomba Mungu awahurumie, apime mapendo yao kuliko udhaifu wao, awafungulie mbingu. Halafu picha inapanda juu, nasi tunaona wasichokiona wao: ziwa liko karibu kabisa, nyuma ya matete. Usiku mvua inanyesha mbali, maji ya mto yanajaa, mashua inainuliwa na kusukumwa mpaka ziwani wakati wenyewe wamelala. Kwa mafundisho juu ya neema tusingeweza kupata mfano ulio bora. Walivuta kwa nguvu zao zote, na ilibidi wavute. Lakini aliyewainua ni mwingine.

Watu walioondolewa mtoni

Sasa turudi kwa Baba Mwalimu, kwa sababu swali lake ndilo lililotufanya tuandike.

Forester hakubuni vita vile kutoka hewani. Vita vya ziwa Tanganyika vilikuwapo, na sehemu yake ilipita mlangoni petu. Mwezi wa nane mwaka 1914 meli ya Wadachi Hedwig von Wissmann iliiharibu meli ya Wabelgi Alexandre Delcommune, na Wadachi wakawa wenye ziwa. Waingereza wakatuma mashua mbili ndogo za vita, wakizipa majina ya kuchekesha, Mimi na Toutou, sawa na mtoto wa Ufaransa anavyoita paka na mbwa. Zilifika Cape Town mwaka 1915, zikapakiwa kwenye gari la moshi, zikapita hapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka Fungurume, ambako reli ilikuwa imefika. Toka hapo njia ilikuwa nchi kavu, zaidi ya kilometa 200, kupanda na kushuka milima ya Mitumba. Kisha reli kidogo tena, kisha mto Lualaba toka Bukama mpaka Kabalo, kisha reli mpaka karibu na ziwa, pale panapoitwa leo Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata meli ya Wadachi Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wadachi waliizamisha wenyewe mwezi wa saba mwaka 1916 karibu na Kigoma. Waingereza waliitoa majini baadaye, na tangu mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikachukua abiria wa ziwa miaka mingi sana.

Nani aliyezipitisha mashua zile juu ya Mitumba? Zilivutwa na mashine za moshi na ng'ombe, ndiyo. Lakini njia ilikatwa na watu wa Katanga kwa shoka na jembe. Madaraja waliyajenga watu wa Katanga. Na pale mashine zilipokauka kwa kukosa maji, wanawake wa vijiji walileta maji kichwani kusudi mashine za Wazungu zinywe. Mama wa Golf waliposikia hayo walitazamana. Mmoja akasema tu: «Basi bibi zetu walikuwa ndani ya filme.»

Hapana, mama, hawakuwa ndani. Na hapo ndipo kosa la kazi hii nzuri. Forester aliziacha mashua mbili za Waingereza katika kitabu chake, kwa majina mengine, na ndizo zinazoizamisha meli ya adui. Filme iliziondoa ili torpedo za Rose na Charlie zifanye kazi yote. Hilo si neno, hadithi ina haki zake. Lakini wakati huohuo iliondoa watu wote wa mto. Baada ya Kungdu kuungua, hakuna mvuvi, hakuna mama achotaye maji, hakuna mtoto wa kuwapungia mkono. Wanyama wapo: viboko, mamba, nyani. Watu weusi, kama si bunduki za boma, hawapo. Aliyeujua Lualaba anajua kwamba mto wa namna hii haupo katika Afrika. Mahali penye maji pana watu.

Kwa nini waliutaka mto mtupu? Tunafikiri ni kwa sababu mapendo ya watu wawili tu yanapendeza zaidi pasipokuwa na jirani. Jirani anasumbua. Jirani ana njaa, ana kijiji kilichoungua, anauliza swali. Rose anataka kuizamisha Louisa kwa kulipiza kifo cha kaka yake na kwa ajili ya nchi yake. Watu wa Kungdu, ambao aliwafundisha miaka kumi, hawataji. Injili inatuambia nani ni jirani yetu, tena inatuambia kwamba mchungaji anawaacha kondoo tisini na kenda kwa ajili ya mmoja. Hapa kondoo wote wamechukuliwa, na hakuna anayegeuka nyuma. Ndiyo sababu Baba Mwalimu alibaki kanisani. Yeye peke yake kati yetu sote alikuwa amebaki na kondoo.

Tujitazame sisi wenyewe

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukiwa na hasira juu ya Wazungu wa mwaka 1951. Msomaji angefurahi, nasi pia. Lakini jioni ile mseminari mmoja alileta neno gumu. Alimwambia mzee kwa heshima: «Baba Mwalimu, usikasirike. Wakati wa utoto wako, watu waliimba Credo ya kilatini. Walielewa?» Mzee akafikiri, akajibu: «Waliielewa kwa moyo. Kwa masikio, hapana. Na padri hakuuliza.»

Padri hakuuliza. Hapo filme inatuchoma, wala si kwa kusema uongo. Mtazameni tena Samuel Sayer. Si mtu mbaya. Anavumilia joto, anasali, anampinga askari anayechoma nyumba za watu wake, na anakufa kwa pigo hilo. Dhambi yake ni moja: anaimba kwa nguvu hata hawezi kusikia. Anasikia kelele kwa sababu hakuwahi kunyamaza ili asikie wimbo.

Wimbo ulikuwapo. Filme ilitoka mwaka 1951. Mwaka 1958, kule Kamina, katika Katanga yetu, kwaya ya Padri Guido Haazen, Mfransisko, iliimba Missa Luba, na dunia nzima ikaisikia. Joseph Kiwele alitunga Misa yake ya Katanga. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya majimbo ya Zaire. Watu ni walewale ambao sinema iliwafanya watoe kelele. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alinyamaza na kusikia.

Na sisi leo, mapadri weusi? Tusidhani kwamba ngozi inatosha. Tunajua parokia ambamo padri anahubiri saa nzima kwa kifaransa cha seminari mbele ya mama wa sokoni, kisha analalamika kwamba watu wamelala. Tunajua barua za parokia ambazo katekista, aliyefundisha miaka thelathini, anazisikia kwa mara ya kwanza pamoja na watoto. Tunajua kuhani ambaye kijiji chake kimeungua kwa vita au kwa njaa, naye yuko ndani ya mashua yake, anashuka mto na shauri lake kubwa, jengo lake, safari yake, bila kugeuka. Tukimcheka Samuel, tujicheke. Tukimlaumu Rose kwa kuwasahau watu wa Kungdu, tuhesabu majina tuliyoyasahau.

Hukumu yetu

Filme hii tunaweza kuionyesha kwa watu wazima na vijana wakubwa. Kwa wachumba ni nzuri sana: itawafanya waseme, na mchumba aliyesema juu ya pombe, pesa na ruba kabla ya ndoa atashangaa kidogo baadaye. Kwa waseminari ni ya lazima, na mwalimu wa sheria ya Kanisa apewe nafasi. Kwa wakatekumeni, Baba Mwalimu aliomba isionyeshwe. Sisi tungeionyesha, kwa sharti moja: katekista awe wa kwanza kusema baada ya picha ya mwisho, na padri awe wa mwisho. Asimulie Fungurume na Mitumba, na wanawake waliobeba maji. Watu warudishwe mtoni. Kidole kimoja hakiui chawa, na mashua mbili hazipandi mlima peke yao.

Torpedo za Rose zinaizamisha Louisa, wapenzi wanaokoka, wanaogelea wakiimba, na kila mtu anakwenda kulala na furaha. Sisi pia tulifurahi. Tulipotoka, umeme wa Golf ulikuwa umekatika tena, na njia ilikuwa giza. Baba Mwalimu alitembea mbele yetu na taa yake ndogo, kwa sababu anaijua njia ile kuliko sisi.